Baharini Ina Cheti, Sokoni Ina Gazeti

Swali lililo mezani ni hili: sheria za kusafirisha mizigo ya hatari kwa bahari, pamoja na makaratasi yake, zinamhusu nini mtu wa Kisii au Nyamira, aliye kilomita kama 800 kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa? Ili mjadala usielee hewani nimechagua bidhaa moja, kabaidi. Ni yale mawe ya kijivu ambayo fundi wa kuchomelea huyatia maji apate gesi ya asetilini, na ambayo baadhi ya wachuuzi huyatumia kuvundika ndizi kwa haraka. Wazungumzaji ni wanne, wote wa kubuni. Wakala ni mzaliwa wa Nyansiongo anayetoa mizigo bandarini Mombasa. Fundi ana kibanda cha kuchomelea Keroka, mji unaogawanywa na mpaka wa kaunti hizi mbili. Mama anauza ndizi soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Mwalimu anafundisha kemia katika shule ya upili karibu na Kebirigo. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FUNDI: Nianze mimi, kwa sababu mlipaji ni mimi. Kabaidi ikifika Keroka imeshapandishwa bei kila iliposimama. Nikiuliza naambiwa huo ni mzigo wa hatari: meli inatoza, bandari inatoza, wakala anatoza. Nimeshika mawe haya tangu nikiwa mwanagenzi na vidole vyangu kumi ninavyo. Hiyo hatari naiona kwenye risiti tu.

WAKALA: Tozo sizikatai, ndugu yangu, na nyingine hata mimi zinaniuma. Lakini tuanze mwanzo. Mzigo huo unatawaliwa na kanuni ya Shirika la Kimataifa la Bahari, tunayoiita IMDG. Ilipitishwa mwaka 1965, ikawa ya lazima Januari 2004, na hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Imegawa vitu vya hatari katika madaraja tisa, kuanzia baruti mpaka vile visivyopata pa kuingia kwingine. Kabaidi iko daraja 4.3, la vitu ambavyo vikiguswa na maji hutoa gesi inayowaka. Namba yake ni 1402. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia.

MAMA: Haitaki maji, na njia mnayoipitisha ni bahari?

WAKALA: Ndiyo maana ya karatasi, mama. Anayepeleka mzigo hujaza tamko na kulitia sahihi. Humo anaandika namba, jina rasmi, daraja, kundi la ufungaji, idadi ya mapipa na uzito. Mpangilio wa hayo manne ya kwanza haubadilishwi, ili baharia Mfilipino na mzimamoto wa Mombasa wasome kitu kilekile kwa mtupo mmoja wa jicho. Aliyepakia kontena naye anatoa cheti chake: kontena lilikuwa safi na kavu, mapipa hayana tundu, yamefungwa yasigongane. Kisha vibao vya buluu vyenye mwali wa moto, sentimita 25 kila upande, vinabandikwa pande zote nne za kontena. Nahodha ana orodha na mchoro wa mahali lilipopangwa. Moto ukizuka, anajua ni kontena lipi asilimwagie maji.

FUNDI: Karatasi haizimi moto.

MWALIMU: Haizimi, lakini inakuzuia kuuchochea. Kilo moja ya kabaidi ikilowa hutoa lita karibu 300 za asetilini. Gesi nyingi zinahitaji zikutane na hewa kwa kipimo fulani ndipo ziwake. Hii haina masharti mengi: ikifika asilimia 2.5 tu ya hewa inawaka, na ikifika 80 bado inawaka. Mtu wa kawaida akiona moto hukimbilia ndoo ya maji. Kwa kabaidi, hiyo ndoo ni kuni.

WAKALA: Na si hadithi. Tarehe 25 Mei 2025 meli ya MSC Elsa 3 ilizama nje ya pwani ya Kerala, India. Ilikuwa na makontena 640. Kumi na mawili kati yake yalikuwa na kabaidi hii hii. Mabaharia wote 24 waliokolewa. Makontena yakaanza kuelea na kufika ufukweni. Wakati huo kila mtu, wavuvi, polisi, walinzi wa pwani, anataka kujua jambo moja: lipi ni lipi? Jibu halikuwa ndani ya meli, meli ilikuwa chini. Jibu lilikuwa kwenye orodha iliyobaki nchi kavu. Wakazi wakaonywa wasisogelee wala wasiguse.

Hapa naingia. Watu wengi wa bara, nami nikiwamo, tumezoea kuiona karatasi ya serikali kama mlango wa kulipia. Unaipata, unagongewa muhuri, unaifungia kabatini. Tamko la mzigo wa hatari halikuandikwa kwa ajili ya karani. Liliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo mzigo ulipofungwa, hana muda wa kuuliza, na pengine amesimama mbele yake akiwa na mpira wa maji mkononi. Kwa kipimo hicho nitapima hoja za hawa wanne.

FUNDI: Sawa, tuseme karatasi ni nzuri. Lakini anayeijaza ni nani? Ni mwenye mzigo mwenyewe! Mwizi anajiandikia hati ya tabia njema. Anayetaka kukwepa tozo ataandika "chokaa" na hakuna atakayefungua kontena.

WAKALA: Hapo umenigusa penye kidonda. Mwaka 2019 meli iliyoitwa KMTC Hong Kong ililipuka bandari ya Laem Chabang, Thailand. Kemikali zilikuwa ndani. Kwenye karatasi ziliandikwa wanasesere.

MAMA: Wanasesere wa watoto?

WAKALA: Wa watoto, mama. Na watu zaidi ya mia walihitaji matibabu. Mwaka huohuo kampuni ya meli ya Hapag-Lloyd ikatangaza faini ya dola 15,000 kwa kila kontena lenye mzigo wa hatari uliofichwa au kuandikwa uongo.

FUNDI: Basi umekubali hoja yangu. Mwaminifu analipa tozo, mwongo anapita na wanasesere wake, na mimi Keroka nanunua kwa bei ya mwaminifu.

WAKALA: Mwongo anapita mpaka siku moto unapowaka. Siku hiyo ile sahihi yake ndiyo inayomtafuta. Bila karatasi ungemshika kwa lipi?

Hoja ya Fundi ni nzito kuliko jibu alilopewa, na sitaki Wakala aondoke nayo kirahisi. Utaratibu wote umesimama juu ya neno la mtu mmoja, na ukaguzi wa kontena mojamoja hauwezekani kwa wingi wa makontena yaliyopo. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya sheria inayodanganywa na sheria isiyokuwapo kabisa, na tofauti hiyo ndiyo Mama anaielekea sasa.

MAMA: Wanangu, nimewasikiliza. Mnabishana kuhusu meli kana kwamba mzigo ukishuka Mombasa hatari yake inabaki forodhani. Mimi sijawahi kuona hicho kibao cha buluu. Kabaidi ninayoiona Daraja Mbili inakuja kwenye karatasi ya nailoni, au imefungwa kwa gazeti la juzi, kilo moja, nusu kilo. Haina namba, haina jina, haina mwali wa moto. Siyo yangu. Ni ya watu wa stoo za nyuma wanaotaka ndizi za Jumanne ziive Jumatano. Wanaitia kati ya mikungu, wanafunika kwa turubai. Na huku kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba. Mnajua wenyewe mvua ya Gusii ya alasiri.

MWALIMU: Mama amelisema lililonifanya nije. Nyanda hizi hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Yaani mzigo ambao dunia nzima imekubaliana usionje hata tone la maji unavuka bahari ukiwa umefungwa katika pipa la chuma lisilopitisha unyevu, halafu unafika katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi Kenya, na hapo ndipo unapofunguliwa na kufungwa kwa gazeti.

FUNDI: Lakini kuvundika ndizi si kazi ya kabaidi. Wanaofanya hivyo ni wakosaji, wasituharibie jina sisi mafundi.

MAMA: Mama yangu alivundika kwenye shimo. Unapasha joto shimo, unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafukia. Siku kadhaa unafukua. Ndizi inaiva mpaka ndani. Hii ya kabaidi inakuwa njano nje, ndani ngumu kama ilivyotoka shambani, na mteja ananirudia mimi niliyeuza kwa haki.

MWALIMU: Asetilini inaiga etilini, gesi ambayo tunda lenyewe hutoa likiiva. Inaidanganya ngozi ya ndizi. Tatizo lingine ni kwamba kabaidi ya viwandani si safi. Ikilowa hutoa pia fosfini na mabaki ya aseniki, na hizo ni sumu kwa anayevundika kabla hata hatujamfikia mlaji. India wamepiga marufuku kuivundikia matunda. Wengine hutumia etilini yenyewe, katika vyumba maalumu.

WAKALA: Ambayo nayo iko kwenye orodha yangu. Daraja 2.1, gesi zinazowaka.

FUNDI: Ha! Basi mkitukimbiza kwa kabaidi mtatukimbiza kwa hiyo pia. Kila kitu kwenu ni cha hatari.

MWALIMU: Si kila kitu, Fundi, na huo ndio uzuri wa orodha yenyewe. Chukua mfuko wa CAN, mbolea ambayo kila nyumba hapa inakuzia mahindi. Ndani yake kuna amonia naitreti, chumvi ileile iliyolipuka Beirut tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200. Je, mama mwenye mifuko miwili ya CAN jikoni amelalia bomu? Hapana. CAN imechanganywa na chokaa, na amonia naitreti iliyomo haizidi asilimia 80. Kwa kipimo hicho hata kanuni ya bahari haiihesabu kuwa kioksidishaji. Ile ya Beirut ilikuwa kali, haina chokaa ya kuipoza. Jina la biashara "mbolea" halikuambii kitu. Namba ndiyo inayokwambia.

WAKALA: Na ile shehena ya Beirut ilikuwa inakuja huku kwetu, Afrika Mashariki.

MAMA: Huku wapi?

WAKALA: Beira, Msumbiji. Tani 2,750 ndani ya meli iitwayo Rhosus, ilitoka Batumi, Georgia, mwaka 2013, kwenda kwa kiwanda cha baruti. Meli ikakwama Beirut kwa ubovu na madeni. Mzigo ukashushwa ghalani, ukakaa karibu miaka sita. Na usidhani karatasi zilikosekana. Zilikuwapo. Maafisa waliandikiana barua kuhusu mzigo ule. Kila mmoja alijua ni nini, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kusema si kazi yake kuuondoa.

FUNDI: Basi hapo karatasi zilifanya nini?

Swali hilo halikujibiwa mezani, kwa hiyo nalijibu mimi. Beirut ilikuwa na taarifa bila mwenye jukumu. Daraja Mbili haina taarifa wala mwenye jukumu. Baharini vitu hivi viwili vimefungwa pamoja kwa makusudi: anayetamka anatia sahihi, anayepakia anatia sahihi, nahodha anapokea orodha. Mzigo unapokaa mahali ambapo sahihi ya mwisho imeshapita na ijayo haijulikani ni ya nani, hata maelezo sahihi kabisa hugeuka kuwa kumbukumbu za ofisi. Kabaidi yetu hufikia hali hiyo inapotoka geti la bandari na kuingia katika duka la jumla.

MWALIMU: Nataka nisahihishe kitu. Tunasema sheria inakoma Mombasa. Haikomi. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na ndani yake kuna sehemu nzima ya kemikali. Inataka kemikali iwe na lebo inayosomeka na iandamane na hati ya maelezo ya usalama. Kibanda cha Fundi ni mahali pa kazi. Stoo ya ndizi ni mahali pa kazi. Sheria ipo, ila hakuna aliyeitafsiria pipa lililokwisha kuvunjwa.

FUNDI: Mwalimu, nikikuelewa unataka kila gramu ya kabaidi iwe na cheti. Unajua kitakachotokea? Duka kubwa la Kisii mjini litamudu. Litaajiri kijana wa kuandika lebo. Mimi wa Keroka ninayenunua kidogokidogo nitaambiwa sina leseni. Hata makaa nasikia mnataka kuyaita ya hatari.

WAKALA: Kwenye meli, ndiyo. Tangu Januari 2026 makaa yanayosafirishwa baharini lazima yatamkwe kuwa mzigo wa hatari, daraja 4.2, kwa sababu huweza kuwaka yenyewe ndani ya kontena. Yanatakiwa yakae siku 14 yapoe kabla ya kufungwa. Jiko la mama halihusiki.

FUNDI: Leo halihusiki.

MAMA: Mwanangu, usiogope mvua ambayo haijanyesha. Mimi nauliza jambo jingine. Nyinyi mnazungumza kana kwamba hatari inatoka ng'ambo na kuja kwetu. Hakuna cha kwetu kinachokwenda na kibao?

WAKALA: Kipo, mama. Pareto.

MAMA: Pareto? Lile ua?

WAKALA: Lile lile. Maua yalichumwa katika milima hii ya Gusii kwa miongo mingi, yakakaushwa, yakapelekwa Nakuru kukamuliwa, dawa yake ikasafirishwa ng'ambo kuua wadudu. Sumu yake kwa binadamu ni ndogo, lakini samaki haiwaachi. Ikiingia melini hupewa alama ya vitu vinavyochafua bahari: mti uliokauka na samaki aliyekufa.

MAMA: Nililichuma lile ua nikiwa msichana, kikapu mgongoni. Tuliacha malipo yalipoanza kuchelewa. Hakuna aliyeniambia kuwa linaua samaki, na maji tuliyooshea vikapu yalikwenda mtoni.

MWALIMU: Kwa hiyo baharia wa meli ya kigeni alijua kuhusu pareto jambo ambalo mchumaji wa Nyamira hakulijua.

Sentensi hiyo ya Mwalimu ndiyo msimamo wangu, ila mimi nisingeiishia kwenye masikitiko. Mtu akiangalia mpangilio wote ataona kwamba ulinzi umewekwa mahali penye thamani kubwa ya kibima. Meli ina bima, makontena yana bima, bandari ina bima, na kila mwenye bima anadai karatasi. Mkungu wa ndizi hauna bima. Kijana anayelala stoo akilinda mali hana bima. Karatasi ilifuata pesa ya fidia, na pesa hiyo inaishia kwenye lami ya bandari. Fundi anaposema sheria hizi ni za wakubwa, hakosei kuhusu asili yake. Anakosea anapohitimisha kwamba kwa hiyo asizitake. Mimi ningezidai kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu hiyohiyo.

WAKALA: Tuseme basi tunakubaliana kitu kifuate mzigo. Kipi? Mimi mzigo ukishatoka geti sina mamlaka nao.

MAMA: Si ile lebo ya pipa? Pipa likivunjwa, lebo ivunjwe pia. Kila kopo lipate kipande chake. Kwa Kiswahili, na kwa Ekegusii kwa sisi wazee. Iandikwe: usitie maji, usifunge kwenye gazeti, usilaze mtu humo ndani.

MWALIMU: Na makopo yawe ya bati yenye kifuniko cha kubana. Hayahitaji kutoka ng'ambo. Mafundi wa bati wako hapa hapa.

FUNDI: Kopo silikatai. Hata lebo siikatai. Mnachokwepa ni nani ataibandika.

MAMA: Anayevunja muhuri wa pipa. Yeye ndiye atie sahihi kwamba amemuuzia nani na kwa kazi gani.

Fundi alikaa kimya kidogo. Nilipomwandika sikuwa nimepanga anyamaze hapo, lakini hoja ilikuwa imemfikia.

FUNDI: Mama, Keroka anayevunja muhuri ni mimi. Pipa zima ni ghali, kwa hiyo nanunua, natumia nusu, nusu nawagawia wenzangu kwa kilo.

MAMA: Wenzako mafundi?

FUNDI: Mafundi wengi wao.

MAMA: Na wasio mafundi?

FUNDI: Anakuja kijana na shilingi zake, anasema anataka kilo mbili. Simuulizi anachomelea nini.

MAMA: Kwenye karatasi ya Wakala kuna pa kuuliza?

WAKALA: Jina la anayepokea mzigo, mama, lipo. Bila hilo hakuna meli inayopokea tamko.

FUNDI: Hiyo fomu yenu ina kurasa ngapi?

WAKALA: Mmoja.

FUNDI: Nileteeni nakala. Ila mstari wa ada muufute, na mahali pa kuandika kazi ya mnunuzi mpaongeze wenyewe, maana sioni kama meli iliwahi kuuliza kuhusu ndizi.